Aliyemwaga Maziwa ya Papai

Ukitaka kuwagombanisha wazee wa kijiji chetu, kile kilichoko ndani kidogo ukiiacha barabara pale Kabuku, usiwatajie siasa wala mipaka ya mashamba. Mtaje Bwana Mifugo. Nusu watakuambia alikuwa mtu wa ajabu lakini mwema. Nusu nyingine watakuambia ndiye aliyetumalizia ng'ombe, kwamba alichukua madebe ya dawa akayamwaga chini, watu wazima na akili zao wakimtazama. Marehemu mume wangu alikuwa wa nusu hiyo ya pili, na amekufa akiwa humo humo. Mimi nilikuwepo jikoni siku jambo lenyewe lilipoanza. Kwa hiyo nasema niliyoyaona, na anayetaka kununa na anune.

Alikozaliwa sikuwahi kumuuliza, naye hakusema. Alitufikia tu na baiskeli yake, wakati ule watu walipokuwa wakitolewa mashambani kuja kukaa pamoja, nyumba zinapangwa mistari mistari na ng'ombe wa kila mtu wanaingizwa katika zizi moja la kijiji. Zizi hilo alikabidhiwa mume wangu. Mimi na akina mama wenzangu tulikuwa na mgahawa wa ushirika pale Kabuku barabarani, tunawapikia madereva wa malori na abiria wa mabasi ya Tanga, Korogwe na Dar es Salaam. Bwana Mifugo alipita kote kuwili: zizini kwa ajili ya kazi, mgahawani kwa ajili ya tumbo. Mkewe alikuwa Korogwe, naye alikuwa akimwendea huko mara moja moja, kwa hiyo chakula chake cha siku nyingi kilitoka kwenye masufuria yangu.

Sasa, mtu huyo, Bwana Mifugo wa serikali, mwenye sindano na muhuri na kofia, alikuwa anaogopa mafahali. Si uzushi. Fahali akipandisha pembe tu, utamwona bwana mkubwa amekwisha hamia nyuma ya mume wangu, ananyoosha mkono wenye sindano kupitia kwapani kwa mwenzake. Siku moja mume wangu alichoka akamuuliza, "Bwana Mifugo, unamchoma ng'ombe au unanichoma mimi?"

"Yeyote atakayekuwa karibu," akajibu, na hakuwa anatania.

Lakini ng'ombe majike wazee aliwaheshimu kupita kiasi. Akimkuta jike lililozeeka, mgongo umebonyea, aliligusa shingoni akaliambia, "Shikamoo, mama." Vijana wa zizini walikuwa wanacheka mpaka wanakaa chini. Mmoja alimuuliza kama ana akili timamu kweli. Akamgeukia: "Huyu amezaa mara saba na amelima. Wewe umefanya nini?" Tangu siku hiyo vijana nao wakaanza kuwaamkia ng'ombe, mwanzo kwa dhihaka, halafu ikawa mazoea, na mpaka kesho nikipita mazizini upande ule nasikia bado wapo wanaofanya hivyo.

Kilichomchosha kila mtu kwake ni maswali. Alikuwa anauliza kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Kwa nini kuku akikatwa kichwa anakimbia? Kwa nini maziwa ya jana yanaganda na ya leo hayagandi? Ukimjibu, anauliza swali jingine juu ya jibu lako. Ukimwambia ni mapenzi ya Mungu, anasema, "Naam, lakini Mungu ametumia nini?" Shehe wetu alimpenda kwa neno hilo, na shehe huyo huyo alimkimbia akimwona anakuja na baiskeli, kwa sababu akikamatwa naye basi adhuhuri itamkuta pale pale.

Na maini. Lazima niseme habari ya maini.

Kwetu akichinjwa ng'ombe, ini si la kupimwa wala kugawanywa. Ini ni la wachunaji. Wanalichoma pale pale juu ya makaa, wanalila na chumvi, ngozi bado haijamalizika kuvuliwa. Ni haki yao tangu zamani, na mwanamume asiyewahi kula ini la machinjioni anaonekana kama hajakua. Basi Idd moja alichinjwa dume la kijiji, makaa yamewaka, chumvi iko kwenye jani la mgomba, na Bwana Mifugo huyo anaingia. Hakuamkia mtu. Alichukua ini, akalipasua mara moja kwa kisu chake, akabana mishipa ya nyongo kwa kidole gumba. Wakatoka. Minyoo bapa, wekundu kahawia, kila mmoja kama jani dogo la mchicha uliochemshwa, wanajikunja na kujinyoosha.

"Halipiti," akasema.

Wachunaji walikuja juu. Mmoja akasema, "Sisi tumekula maini haya tangu enzi za babu zetu!"

"Na babu zenu wako wapi?" akawauliza.

Alilimwagia mafuta ya taa akalifukia. Mwaka ule nusu ya wachunaji hawakumpa mkono wa Idd. Lakini ngoja usikie vituko vya mtu huyu. Mwezi mmoja baadaye, akiwa mezani kwangu, nikamuuliza mtu akila ini lile lililoiva vizuri atapata nini. Akatazama mlangoni kwanza. Akasema hatapata kitu, mnyoo aliyeiva ni nyama tu, na mtu haambukizwi kwa njia hiyo hata hivyo, anaambukizwa na majani na maji ya bondeni. Nikamwambia, "Sasa mbona uliwanyima watu kitoweo chao siku ya sikukuu?" Akasema sheria ni sheria. Halafu akaagiza ini. "Ila lile nililolipitisha mimi," akasema. Nilitamani kumpiga na mwiko.

Alikuwa hivyo. Alitembea nyumba kwa nyumba akihubiri watu wasiingie bondeni peku, maji yale yana kichocho, na yeye mwenyewe akakunja suruali akaingia mpaka magotini kuokota konokono, kwa sababu alitaka kuona kama konokono wa kichocho na konokono wa minyoo ya ini wanakaa pamoja. Kichocho kikampata. Na hakuona haya hata kidogo! Alikuja mgahawani, watu wanakula, akatangaza kwamba anakojoa damu. Dereva mmoja akaacha wali wake akaondoka. Hospitalini Korogwe, tulisikia, alikataa kumeza dawa mpaka waliposhindwa naye wakamruhusu achungulie kwenye darubini mayai ya minyoo yake mwenyewe. Alirudi amefurahi kama aliyepata mtoto. "Yana mwiba, Mama Mgahawa! Kila yai lina mwiba nyuma!" Nikamwambia hongera.

Ila siku hiyo hiyo aliiacha chai yake inapoa. Kisha akasema, "Nikijikata kidole, damu inaganda. Inamganda kila mgeni. Huyu mnyoo anakaa ndani ya damu, amelala, anaoa, anazaa. Damu haimgandi. Anaiambia nini?" Mimi nilikuwa nafikiria dereva aliyekimbia bila kula.

Nimesema haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyeingia jikoni kwangu kipindi kile ng'ombe walipoanza kudhoofu.

Walidhoofu kweli. Kiangazi kilikuwa kimeshika, majani yamebaki bondeni tu, na ng'ombe wote wa kijiji walishinda huko kwenye kinamasi. Manyoya yakasimama, taya zikavimba maji chini, maziwa yakakatika. Bwana Mifugo akawachinja wawili waliokuwa wanakufa akawapasua: maini yamejaa. Akaagiza dawa ya minyoo ya ini. Dawa ikawa haiji. Kila basi la kutoka Korogwe mume wangu alikuwa anakwenda kulipokea mwenyewe, anamuuliza kondakta, anarudi mikono mitupu. Hakuwa anakula vizuri. Ng'ombe wale, karibu kila nyumba ilikuwa na wake mle ndani, na wakifa, watu wangemtazama yeye.

Wakati huo huo mimi nilikuwa na shida yangu. Nyama ya machinjioni ilikuwa ya ng'ombe wazee, ngumu kama mkanda, na madereva wanalalamika. Nikafanya alivyonifundisha mama yangu: unachanja papai bichi, unakinga yale maziwa yake meupe, unaipaka nyama, unaifunga na majani ya mpapai, unaiacha kidogo. Bwana Mifugo akala. Akatafuna, akaacha kutafuna.

"Hii ni nyama ya lile dume nililopiga muhuri jana? Lile lilikuwa na umri wa mwenyekiti wa kijiji!"

"Ndiyo hilo."

"Umelifanya nini?"

Nikamwambia. Nikaongeza kwamba papai lataka adabu, ukilisahau kwenye nyama unakuta uji.

"Uji?"

"Uji kabisa. Nyuzi zote zimekwisha."

Aliweka kijiko chini. Alinitazama kama vile ndiyo kwanza ananiona. Akasema, "Mnyoo naye ni nyama."

Kesho yake alinijia na maini kwenye kikapu, kutoka machinjioni, tangu asubuhi yanapigwa jua juu ya baiskeli. Nikapiga kelele kwamba jikoni kwangu hayaingii. Tukakubaliana uani, karibu na banda la kuni, na glasi nilizompa nikamwambia hazirudi tena mezani, anilipie nyingine. Katika glasi moja alitia maziwa ya papai na kipande cha nyama. Katika nyingine maziwa ya papai na minyoo aliowatoa kwenye yale maini. Tukaendelea na kazi. Alasiri nikasikia ukelele uani, nikadhani nyoka. Ni yeye, ameshika glasi mbili juu. Nyama imekuwa uji. Minyoo imekuwa uji.

"Tumepata dawa!" akapiga kelele. "Tumepata dawa, jamani, tena ya bure!"

Mgahawa ulikuwa umejaa. Kuna watu wa kijijini kwetu waliokuwa wanangoja lifti, na habari ya namna hiyo haingoji lifti. Ilifika nyumbani kabla yangu.

Sasa hapa ndipo mtu mwingine angekwenda kulala na furaha yake. Yeye hakuweza. Jioni ile ile alirudi kunigongea, uso umembadilika. Aliniuliza kama nilipowaona wale minyoo wakiingizwa kwenye glasi walikuwa wanacheza. Nikafikiri, nikamwambia hapana, walikuwa wamelala kama majani. Akajipiga paji la uso. "Walikuwa wamekwisha kufa. Jua lile. Nimeyeyusha maiti."

Akaniomba chupa ya chai. Ile ninayowawekea madereva, ya kushika moto. Asubuhi alikwenda nayo machinjioni, ndani ameweka maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, akawatoa minyoo kwenye ini likiwa bado lina joto la ng'ombe, akawatumbukiza humo. Alipofika kwangu akaiweka chupa mezani akaenda kunawa. Utingo mmoja wa lori, mtu na haraka zake, akaivuta, akajimiminia kikombe. Lo! Nakuambia utingo yule alilia kwa sauti. Sijui mpaka leo kama anakunywa chai.

Lakini walikuwa hai, na hilo ndilo Bwana Mifugo alilotaka. Akarudia yote. Nyama katika maziwa ya papai. Mnyoo hai katika maziwa ya papai. Na mnyoo mwingine aliyemchemsha kwanza akafa, naye akatiwa katika maziwa yale yale, ya papai lile lile. Safari hii hakuondoka uani, na mimi nikawa nachungulia kila nikipata nafasi, maana na mimi sasa ilikuwa imenikaa rohoni. Nyama ikalegea, ikayeyuka. Mnyoo mfu akalegea, akayeyuka. Mnyoo hai akajikunja, akajinyoosha, akajikunja. Mpaka tunafunga mgahawa alikuwa anajinyoosha.

"Ni nyama ile ile," Bwana Mifugo akasema. Alikuwa amechuchumaa, kofia iko chini. "Ila akiwa hai kuna kitu anakitoa. Anakizuia kile kitu cha papai kisimkate. Ni kitu gani, Mama Mgahawa?"

"Mimi mpishi," nikamwambia. "Niulize chumvi."

Alicheka kidogo. Halafu akakumbuka kijiji, akainuka mbio akachukua baiskeli.

Alichelewa. Kijijini walikuwa wamechanja kila papai bichi lililoning'inia, wamekinga maziwa, wameyachanganya na maji kwenye madebe. Mume wangu, mtu mwangalifu, alisema waanze na mmoja. Wakamshika mtamba mzuri, mwekundu, aliyezaliwa na ng'ombe wetu wenyewe tuliyemtoa kwa zizi la kijiji, wakamnywesha. Midomo ikamvimba, ulimi ukatoka malengelenge, akaharisha damu, na hakumaliza juma. Mume wangu akasema walizidisha ukali, wapunguze, waongeze maji. Mtu aliyekata tamaa hawezi kuona kwamba amekosea, ataona amekosea kipimo tu.

Mkutano ukaitwa. Bwana Mifugo akasimama mbele ya watu wote.

"Ndugu zangu, nilikosea," alisema. "Wale niliowaona wakiyeyuka walikuwa wamekufa. Aliye hai hayeyuki, nimemwona kwa macho yangu. Na hata angeyeyuka, haya maziwa yakimezwa yanakwenda tumboni. Hayaendi kwenye ini."

Mzee mmoja, aliyekuja huku tangu ujana wake kukata mkonge akaoa akabaki, akanyoosha mkono. "Bwana Mifugo, mimi pombe naimimina mdomoni. Mbona inafika miguuni?"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Hapo ndipo aliposhindwa, maana kicheko hakijibiki.

Mume wangu hakucheka. Alisimama akauliza, "Dawa ya serikali iko wapi?"

"Haijafika."

"Itafika lini?"

"Sijui."

"Basi tuachie hii yetu."

"Hii si dawa."

"Wewe mwenyewe ulisema ni dawa. Watu walikusikia."

"Nilisema," Bwana Mifugo akajibu. "Sasa nasema si dawa."

Alishuka pale mbele akaenda moja kwa moja hadi uzio wa zizi, yalikopangwa madebe. Watu walidhani anakwenda kuyatazama. Akalipiga teke la kwanza. Akalipiga la pili. Yale maziwa yakatiririka mavumbini meupe, na hakuna aliyemshika, kwa sababu alikuwa mtu wa serikali na kwa sababu hatukuamini. Fahali la kijiji lilikuwa pale pale ndani ya uzio, linakoroma, pua yake karibu na bega lake, na mtu yule mwoga hakusogea mpaka debe la mwisho lilipolala.

Akawaambia njia iliyobaki ni moja: bonde lizibwe kwa miiba, ng'ombe wachungwe juu, maji wachotewe. Kiangazi kile! Tulichota. Wengine walikufa kwa njaa huko juu, wengine kwa minyoo waliyokuwa nayo tayari. Dawa ilipofika, zizi lilikuwa na nafasi kubwa ya kutembea. Waliobaki walipona, lakini hesabu watu hawakuifanya kwa waliobaki. Mume wangu alisema sentensi moja tu, na ameirudia maisha yake yote, kwenye misiba, kwenye kahawa, kitandani: "Yule mtu alimwaga dawa."

Niliwahi kumjibu mume wangu kwamba mimi niliiona glasi. Akaniambia, "Glasi haina pembe." Tukaacha.

Ajabu ni kwamba Bwana Mifugo naye alisema neno karibu na hilo. Muda mfupi kabla hajahamishiwa Korogwe, alikuja mgahawani akakaa bila kuagiza. Nikamletea chai. Akasema, "Glasi si ng'ombe, Mama Mgahawa. Labda ndani ya ng'ombe mambo ni mengine. Labda wangepunguza ukali kama alivyosema mzee wako, wangepona. Labda nimewamalizia watu mali yao kwa sababu ya mnyoo mmoja kwenye glasi ya chai."

"Ulifanya kufuatana na ulichokiona," nikamwambia.

"Ndiyo. Lakini sikujua nimeona nini."

Niliumia kumwona hivyo. Mtu aliyekuwa anauliza kwa raha, sasa alikuwa na swali linalomla.

Miaka ikapita, mingi. Ujamaa ulikwisha, mgahawa ukauzwa, mume wangu akafariki. Mjukuu wangu akaingia chuo, anasoma mambo ya wadudu na minyoo na magonjwa wanayoleta. Likizo moja alikuwa ananisaidia jikoni, nikamwona anatupa papai bichi, nikamzuia, nikamsimulia habari ya glasi. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliniuliza mara mbili: aliye hai hakuyeyuka, na mfu aliyeyuka? Nikamwambia ndivyo.

"Bibi," akasema, "tumboni kuna vimeng'enya. Vichukulie kama mikasi midogo sana inayokatakata nyama. Papai nalo lina mikasi yake. Sasa hawa minyoo bapa, wa ini na hata wa kichocho, wanatengeneza protini za kuzuia mikasi hiyo. Protini inaingia katikati ya meno ya mkasi, inakwama hapo. Mkasi upo, ila haukati. Wapo na wanaozuia hata damu isiwagande."

"Na mnyoo akifa?"

"Akifa nani atamtengenezea nyingine?"

Nilikaa kwenye kigoda. Mtoto akaongeza kwamba hawezi kuniapia kuhusu glasi yangu, kwa kuwa hakuna aliyeipima, lakini yeye haimshangazi. Na kwamba yale maziwa kamwe yasingefika kwenye ini yakiwa na nguvu yake, hata yangetiwa maji kiasi gani. Keshoye nilipanda basi kwenda Korogwe.

Nyumba yake niliulizia sokoni, kila mtu anaijua. Mkewe alinipokea, tukaamkiana, akaniambia miguu imemkatalia bwana lakini kichwa kizima, kizima mno. Alikuwa barazani kwenye kiti.

"Mama Mgahawa!" akasema. "Umezeeka!"

"Na wewe umebaki kijana?"

Sikungoja chai. Nilimwambia yote kama nilivyoambiwa: mikasi, protini, meno, mkwamo. Alinisikiliza ameinama mbele, midomo inacheza. Nilipomaliza nilidhani atashukuru. Akauliza, "Mnyoo huyo anakula nini?"

"Damu na ini. Wewe mwenyewe ulitufundisha."

"Basi naye ana mikasi yake, ya kukatia chakula chake. Mbona protini yake haizibi mikasi yake mwenyewe?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza!" Akapiga mkono wa kiti. "Umepanda basi mpaka Korogwe na nusu ya jibu!"

Mkewe alichungulia kuona nani anagombana. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu, naye akacheka, na tulipokwisha kucheka akatazama barabarani. Aliponiuliza tena, sauti ilikuwa ndogo.

"Kwa hiyo hata ningewaachia wawanyweshe wote, wasingepona."

"Wasingepona. Wangekufa kama yule mtamba."

"Hata wangepunguza ukali?"

"Hata wangepunguza."

"Nilimwaga maziwa ya papai tu."

"Ulimwaga maziwa ya papai, Bwana Mifugo. Hukumwaga dawa ya mtu."

Alilia. Hakujificha, hakufuta, machozi yalishuka tu mpaka kwenye kola ya shati, na mimi nilikaa pale nikalia naye, kwa sababu miaka yote ile hapakuwa na mtu wa kumwambia. Kisha akanishika mkono kwa nguvu.

"Ukifika nyumbani, usitue hata mzigo. Mwambie mzee wako kwanza. Mwambie pole pole, ile ya mikasi, aielewe."

Nilikuwa nimesahau kwamba habari haikumfikia. Nikamwambia mzee alifariki, mwaka wa pili sasa.

Mkono wake haukuniachia. "Alikwenda akiamini nilimwaga dawa?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini alikuwa ameuliza swali, na mtu yule hakuwahi kupenda jibu la uongo.

"Ndiyo," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara kadhaa. "Basi wewe usisumbuke," akasema. "Kamuulize mjukuu ile ya mikasi ya mnyoo mwenyewe, uniletee upesi. Mzee wako nitamwambia mimi."